Hisa za Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliweza kukaa hata mwezi mzima bila kuangalia bei ya hisa zake, na jambo hilo peke yake lilitosha kuniharibia siku. Mimi zangu nilikuwa naziangalia kila asubuhi kabla sijanawa uso. Tulikuwa tumenunua hisa za benki ileile, wiki ileile, kiasi kilekile, kwa fedha za kikoba kimoja cha kuweka akiba. Zikipanda, zilipanda za wote wawili. Hata hivyo kila zilipopanda niliona kama zake ndizo zimepanda zaidi, kwa sababu yeye zilimpandia akiwa amelala, na mimi zilinipandia nikiwa nimekodoa macho.

Naeleza mapema ili msomaji ajue anasoma habari za mtu wa namna gani. Nina wivu. Sio kwa watu wote; majirani, wakwe na waumini wenzangu nawatakia heri bila taabu yoyote. Wivu wangu wote nimemwekea mtu mmoja, na huyo tumezaliwa naye tumbo moja.

Mimi ni mtu wa mboga. Tangu nilipoacha shule kidato cha pili nimekuwa nikinunua kabichi, karoti, nyanya na hoho kutoka vijiji vya juu, kuelekea Rangwi, napakia kwenye lori pale Lushoto, lori linashuka Soni na Mombo, kesho yake mboga ziko Dar es Salaam. Mdogo wangu alisoma hadi chuo, akapata kazi upande wa Irente, kwenye shamba moja wanakotengeneza jibini na jamu. Yeye yuko chumba cha jibini. Anavaa koti jeupe na kofia nyeupe. Anageuza madonge ya jibini kwenye rafu, anayaacha, kesho anayageuza tena. Miezi inapita na mali yake haiozi, tena bei inaongezeka kwa kukaa tu. Kabichi yangu ikikaa siku nne, hata ng'ombe anaitazama mara mbili.

Watu wa kwetu husema niliacha shule ili mdogo wangu asome. Mama huwaeleza hivyo wageni, na mimi sijawahi kumsahihisha. Ukweli ni kwamba hesabu za darasani zilinishinda, na sokoni niliona watu wanashika fedha siku hiyohiyo, nikapenda. Ada ingepatikana kwa shida, lakini ingepatikana. Ila ukisikia kwa miaka ishirini kwamba ulijitoa kwa ajili ya mtu, mwisho unaamini, na ukishaamini unaanza kumtazama mtu huyo kama amekaa kwenye kiti chako.

Sasa kuhusu bustani. Huku kwetu mashamba ya mlimani hutegemea mvua, lakini bondeni maji yapo mwaka mzima. Mwenye kipande cha bondeni hahesabiwi kuwa maskini hata kama suruali yake ina kiraka. Mama alikuwa na bustani bondeni, aliachiwa na mama yake mzazi, na ndiko alikotulea, mmoja mgongoni na mwingine anachezea tope la mfereji. Baba alipougua, bustani ikauzwa kwa mwalimu mmoja. Baba akafa hata hivyo. Tangu siku ile mama akienda kanisani hupita njia ya juu, ile ndefu yenye mawe, ili asipite kando ya bustani yake. Magoti yake yamekwisha, na bado anapita juu.

Niliapa kwamba mimi ndiye nitakayeirudisha. Sikusema sisi. Nilisema mimi.

Mambo ya hisa yaliletwa na mtaalamu mmoja aliyealikwa kuzungumza na kikundi chetu cha akina mama, kwenye ukumbi wa usharika, mwezi ule tuliokuwa tunakaribia kuvunja kikoba na kugawana fedha. Alikuwa kijana mwenye viatu vilivyong'aa, ambavyo matope yetu yalivimaliza kabla hajafika mlangoni. Alieleza kwamba hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni, kwamba kampuni ikipata faida wenye hisa hupewa gawio, kwamba bei hupanda na kushuka, na kwamba anayeuza kwa hofu kila bei inaposhuka ndiye anayekula hasara. Mdogo wangu aliandika yote kwenye daftari. Mimi nilinyoosha mkono.

"Zikianza kushuka," nikauliza, "zinakaa siku ngapi kabla hazijaharibika?"

Ukumbi mzima ulicheka. Kijana naye alicheka, akasema dada huyu ni mcheshi sana. Nikacheka pamoja nao, lakini sikuwa nimefanya utani. Miaka yote niliyofanya biashara sijawahi kuona kitu kinachoanza kushuka bei kisha kikabaki kizima. Nyanya ikianza kushuka maana yake malori yamejaa, na malori yakijaa, kesho nyanya ile ni uchafu. Hiyo ndiyo elimu yangu, nilikwenda nayo kwenye hisa kama nilivyokuwa nakwenda nayo mnadani.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Bei ilipanda kidogokidogo, na mwishoni mwa mwaka tukapata gawio. Mdogo wangu alilitumia gawio lake kununua hisa nyingine. Mimi langu nilinunua kochi. Kochi zuri, sisemi neno juu yake.

Mwaka wa pili, kwenye Oktoba, yule mwalimu alituma salamu kupitia mzee wa kanisa. Amestaafu, amehamia Mazinde, barabarani kule chini, ana duka, hana tena nguvu za kupanda milima. Anauza bustani. Kwa heshima ya marehemu baba, atatungojea sisi hadi Pasaka. Ikipita Pasaka atamuuzia yeyote.

Mama alituita wote wawili. Alikuwa anamenya maharage mabichi, hakuacha kumenya.

"Mimi sina cha kuwapa wala cha kuwalazimisha," alisema. "Ila nikiingia mle kabla sijafa, nitashukuru. Yeyote atakayeniingiza, nitambariki kwa mikono miwili."

Alipotamka yeyote, macho yake yalikuwa kwa mdogo wangu. Inawezekana alikuwa anatazama tu upande aliokaa, maana alikuwa mbele yake na mimi nilikuwa pembeni. Lakini mimi niliona anavyomtazama, na roho iliniuma mpaka nikasingizia simu inaita nikatoka nje.

Mdogo wangu alinifuata hadi kwenye migomba.

"Dada, tuunganishe," alisema. "Tukiuza zako na zangu leo, hela ya mwalimu inatimia. Tena inabaki nyingi, ya mbegu na ya kuweka."

Alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Nami nilikuwa nimeshaipiga kabla yake, kule ndani, maharage yakiwa yanamenywa. Tungeweza kumwingiza mama bondeni wiki ileile.

"Kuunganisha kunaleta ugomvi," nikamjibu. "Kila mtu ashike chake. Atakayetangulia kupata, atanunua."

Alinitazama kwa mshangao, kisha akasema, "Haya, dada." Ndivyo alivyo. Ukimfungia mlango hagongi, anaondoka zake, na wewe unabaki na ufunguo mkononi hujui uufanyie nini.

Nilijua kwamba kila mmoja alikuwa amebakisha pengo, na langu lilikuwa kubwa kidogo kwa sababu ya kochi. Nikapanga kuliziba kwa faida za mboga za Krismasi. Zikaziba nusu. Nikasema bei ya hisa ikipanda kidogo tu mwezi wa kwanza, nimemaliza.

Mwezi wa kwanza bei ikashuka.

Niliiona asubuhi, nikiwa sokoni Lushoto, nimekaa juu ya gunia la karoti. Siku ya kwanza imeshuka kidogo. Siku ya pili tena. Siku ya tatu niliinuka kwenye gunia, na kilichoniinua sio hasara yenyewe, ni harufu. Nasema kweli, niliisikia harufu ya nyanya zilizopasuka. Nikafungua simu, nikaweka oda ya kuuza zote, na ili nisingoje mnunuzi nikaweka bei ya chini kuliko waliokuwa wanauza siku hiyo. Kwetu ukitaka kuondoa mzigo unaochoka unapunguza bei kabla jirani yako hajapunguza. Kufika mchana hisa zangu zilikuwa zimekwenda. Nilivuta pumzi. Niliwaambia hata wapakiaji wanunue chai kwa jina langu.

Jumamosi mdogo wangu akaja nyumbani kwangu. Alibeba kichupa cha jamu na vipande vya pembeni vya jibini, vile ambavyo wageni hawauziwi. Huwa analeta, na huwa nasema asisumbuke, na huwa navimaliza vyote jioni hiyohiyo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Nimeangalia simu." Alikaa kwenye kochi langu, ukingoni, kama mgeni. "Dada, zimeshuka sana. Watu wawili wa kikoba wameshauza. Mimi biashara siijui, wewe ndiye unayeijua. Niuze?"

Hapa ndipo ilipo habari yenyewe.

Sisi watu wa mboga tuna ubaya mmoja ambao hatuufanyi ila kwa mtu tunayemchukia. Mwenzako ana mzigo, bei imeanza kuteleza, anakuuliza apakie leo au angoje. Wewe unajua malori yamejaa. Unamwambia, "Ngoja, Alhamisi bei inarudi." Anangoja. Alhamisi mzigo wake ni wa kumwaga. Hujamwibia, hujamtukana, hakuna atakayekushitaki. Umempa ushauri tu. Mimi niliwahi kufanyiwa hivyo nikiwa bado mgeni katika biashara, na mwanamke aliyenifanyia namsalimia mpaka leo ila chai yake sinywi.

"Wewe umefanyaje?" mdogo wangu akauliza tena.

"Mimi?" nikasema. "Mimi nimetulia tu."

"Hujauza?"

"Niuze ya nini? Bei ikishuka ndio wakati wa kutulia. Si ulimsikia yule mtaalamu? Ngoja. Usiuze hata moja."

Maneno yale yalikuwa ya yule kijana wa viatu, na sikuyaamini hata neno moja. Niliyasema nikimtazama machoni. Nilitaka zake ziozee mkononi mwake. Sikutaka afe njaa, wala sikutaka afukuzwe kazi. Nilitaka tu Pasaka ifike akiwa na pengo kubwa kuliko langu.

Uso wake ulifunguka. "Asante, dada. Nilikuwa silali." Akanishika mkono. Mkono wake ulinuka maziwa.

Kwa wiki kadhaa nilifurahi, na sitaficha. Hisa ziliendelea kuteremka, na mimi, niliyekuwa sina hata moja, bado niliamka kila asubuhi kuzitazama kabla ya kunawa uso. Kila zikishuka nilikuwa na hamu ya kula. Kanisani nilimwona mdogo wangu ameinamisha kichwa muda mrefu kuliko kawaida wakati wa maombi, nikajua anaziombea hisa zake. Siku moja nilipata haya, nikataka kumpigia nimwambie auze kilichobaki. Nilitafuta jina lake kwenye simu, nikalitazama, nikaweka simu mfukoni.

Katikati ya hapo niliteremka Mazinde, bila kumuaga mtu, kumwona mwalimu. Nilimwomba anipunguzie ili fedha niliyonayo itoshe. Jua la kule chini liliniunguza kichwa. Alinipa maji ya baridi, akanisikiliza hadi mwisho, akasema bei ni ileile na siku ni ileile, kwangu na kwa mdogo wangu. Akaniuliza kwa nini hatununui pamoja. Nikamwambia mdogo wangu hataki.

Kisha, kwenye mwezi wa tatu, bei ikageuka. Benki ilitangaza faida yake, ikasema gawio la mwaka huo litakuwa kubwa kuliko la mwaka uliopita. Siku mbili, tatu, bei ikarudi mahali ilipokuwa Desemba. Ikapita. Nilikuwa sokoni, kwenye magunia, naona namba zinapanda, na nilihisi kama mtu ananivua nguo kidogokidogo mbele za watu.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa Januari. Januari ni ada. Januari ni sare, madaftari, kodi ya nyumba. Kila mwaka mwezi huo huwa nanunua karoti chache kwa sababu watu hawana hela ya mboga. Jambo hilo nalijua kama jina langu. Basi na wenye hisa nao walikuwa na watoto wa kupeleka shule. Waliuza kwa sababu ya shida zao, soko letu lenyewe ni dogo, wauzaji wakawa wengi kuliko wanunuzi, bei ikainama. Hakuna kilichokuwa kimeoza. Benki ilikuwa palepale, inakopesha watu, inakusanya riba. Mimi niliitazama bei tu, sikumtazama anayeuza wala sababu yake, wakati kwenye mboga hilo ndilo jambo la kwanza ninalouliza.

Mdogo wangu aliuza zake wiki moja kabla ya Pasaka, akaacha chache. Kupanda kule kwa bei, pamoja na zile alizonunua kwa gawio, ndiko kulikoziba pengo.

Hati ya mauziano ilisainiwa ofisi ya kijiji, mbele ya mtendaji. Mwalimu alipanda kutoka Mazinde, anahema. Mzee wa kanisa alikuwepo. Mdogo wangu aliandikisha bustani kwa jina la mama. Upande wa familia alihitajika shahidi, na kwetu shahidi ni mtoto wa kwanza, kwa hiyo kalamu nikapewa mimi. Nilisaini mahali nilipoonyeshwa. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya kuliko siku zote, mtendaji akaniuliza kama naona vizuri.

Baada ya hapo tukashuka bondeni, sote, na majirani wanne watano waliosikia wakajiunga njiani. Mama alipita njia ya chini. Alitembea mbele yetu bila fimbo, na alipofika kwenye mfereji alivua ndala zake, akaingia peku kwenye udongo, akasimama. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee wa kanisa akaomba sala, ndefu kama kawaida yake. Mimi nilisimama nyuma, karibu na magugu, nahesabu dakika za kuondoka.

Mdogo wangu akaomba kusema neno. Yeye sio msemaji. Alikunjakunja kanga yake kwanza.

"Naomba mjue jambo moja," alisema. "Bustani hii mnaniona nimeinunua mimi, lakini sio mimi. Januari nilikuwa tayari kuuza kila kitu. Ningeuza, leo tusingekuwa hapa. Nilikwenda kwa dada. Dada alijua kwamba nikichelewa yeye ndiye atakayenunua, na sifa zingekuwa zake. Angeweza kuniambia uza. Aliniambia ngoja." Akaikunjua ile kanga. "Juzi ndipo nilipojua kutoka kwa watu wa kikoba kwamba yeye zake alikuwa ameshauza. Alikuwa ameshapata hasara, na bado mimi akanizuia nisiipate."

Watu wote waligeuka kunitazama. Vigelegele vikaanza upya, safari hii vya kwangu. Mwalimu, niliyemwambia kwamba mdogo wangu hataki kuunganisha, alinitazama kwa muda, kisha akatazama mfereji.

Mama alitoka kwenye udongo, akanijia na miguu yake ya matope. Aliweka mikono yake miwili kichwani mwangu, akanibariki kwa Kishambaa, maneno yaleyale aliyonibariki nayo baba siku aliyonipeleka sekondari. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo maisha yangu yote ya utu uzima. Alipomaliza hakuondoa mikono. Aliinama sikioni mwangu, ili wengine wasisikie.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Miaka yote hii nilikuwa nadhani unamwonea wivu mdogo wako."

Nikamwambia nimemsamehe.